Raundi Nne Zinatosha

Usaili wa kazi ya benki au halmashauri watu wanaujua: mtihani wa kuandika, jopo mezani, kisha unasubiri majina yatoke. Kwenye kampuni za programu za kompyuta, hasa za nje zinazoajiri watu wafanyie kazi makwao, safari ni ndefu zaidi. Nimeipitia nikiwa hapa hapa Sinza, Dar es Salaam.

Kwanza hupiga simu afisa ajira, nusu saa tu, ajue unavyojieleza na mshahara unaoutaka. Halafu unatumiwa mtihani wa mtandaoni, dakika zikipungua mbele ya macho yako. Ukifaulu, inakuja kazi ya nyumbani, na hapo ndipo muda wa watu unapoteketea. Niliambiwa nitengeneze programu ndogo ya kupokea oda za duka, pamoja na majaribio yake na maelezo ya kuiendesha. Eti kazi ya saa chache. Ilikula Jumamosi na Jumapili yangu yote, bila malipo, na aliyenisaili baadaye hata hakuwa ameifungua. Wakafuata wahandisi waliotaka niandike msimbo wakiniangalia, mwingine akataka nichore mfumo wa kuhudumia mamilioni ya watumiaji, kisha meneja, kisha mkubwa wa meneja. Kampuni yenyewe iko California. Wakati wa kiangazi chao, saa tano yao ya asubuhi ni saa tatu yetu ya usiku. Mama aliponikuta tena mbele ya laptopu akaniuliza, "Mwanangu, hao watu hawajakujua tu mpaka leo?"

Swali lake lilishafanyiwa hesabu. Laszlo Bock, aliyeongoza idara ya rasilimali watu ya Google, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2015, Work Rules!, kwamba walipochambua kumbukumbu zao waligundua kuwa raundi nne zinatosha kuamua kama mtu aajiriwe, kwa uhakika wa asilimia 86. Kila raundi baada ya hapo iliongeza kama asilimia moja tu. Miaka miwili kabla, Bock huyo huyo alisema wazi kwamba mafumbo kama lile la mipira mingapi ya gofu inaenea ndani ya ndege ni kupoteza muda, hayaonyeshi nani ataiweza kazi.

Sipingi watu kupimwa. Anayekwenda kushika mfumo unaopitisha fedha za wananchi lazima apimwe, tena vizuri. Lakini apimwe kwa kazi inayofanana na atakayoifanya, waombaji wote waulizwe maswali yale yale, na msaili awe amesoma alichoandika mwombaji. Na akikataliwa aambiwe. Mimi sikuletewa hata barua pepe ya mistari miwili, na jambo hilo liliniuma kuliko kukosa kazi yenyewe.

Wewe unayeomba, uliza kwenye simu ya kwanza kabisa: raundi ni ngapi, kazi ya nyumbani ni ya saa ngapi na je, inalipwa, jibu litatoka lini? Una haki ya kujua kabla hujatoa wikiendi yako. Nanyi wenye kampuni za Dar es Salaam na Nairobi mnaoanza kuiga mtindo huu, andikeni majibu hayo kwenye tangazo la kazi.