Je, Sanduku la Fyuzi Limechoka?



Matawi mawili yameuliza kwa nini umeme katika laini za nyumba hukatika kila jioni, na kama dawa yake ni kutia fyuzi kubwa zaidi. Jibu ni hapana. Sababu yake inafaa kila mmoja wetu aijue, kwa maana nyumba ni ya mwajiri lakini wanaolala ndani ni watoto wetu.

Kituo cha umeme cha Owen Falls, hapo Jinja, ambacho leo huitwa Nalubaale, kilifunguliwa mwaka 1954. Nyumba za wafanyakazi zilizotiwa umeme miaka ile zilipimiwa taa, na redio kwa aliyeweza kuinunua. Siku hizi chumba kile kile kina jiko la koili, pasi, televisheni na simu tatu zinazochajiwa. Sanduku ni lile lile.

Hesabu yake si ngumu. Soma wati zilizoandikwa kwenye chombo, gawanya kwa volti 240, utapata ampea. Jiko la wati 1500 linavuta ampea 6 na robo. Laini ya vyumba sita, kila chumba kikipika posho saa moja jioni, ni wati 9000, yaani ampea 37 na nusu, na pasi bado hatujaihesabu. Ikiwa fyuzi kuu ni ya ampea 30, mzigo umezidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Fyuzi haikuwekwa kulinda jiko. Imewekwa kulinda waya uliopita ukutani na juu ya dari. Umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya, joto huongezeka mara nne. Fyuzi ndiyo iliyochaguliwa iyeyuke kwanza, ili waya usiungue. Mtu akitia msumari au waya nene wa shaba mahali pa fyuzi, umeme hautakatika tena, na jirani watamsifu kuwa fundi. Lakini moto umehamishwa tu kutoka kwenye sanduku kwenda darini, juu ya vitanda. Hata sanduku jipya kubwa likifungwa kwenye waya za zamani, hatari ni ile ile. Mwajiri akileta sanduku peke yake, msipige makofi.

Dalili za sanduku lililochoka zinajulikana. Fyuzi huungua mara kwa mara bila chombo kibovu. Taa hufifia jirani anapowasha jiko. Kifuniko ni cha moto ukikigusa kwa nje, au kimegeuka rangi ya kahawia. Kuna harufu ya plastiki inayoungua, au sauti kama ya kukaanga. Hizi mbili za mwisho hazingoji mkutano wa tawi: zima swichi kuu, kama unaweza kuifikia salama, na uite fundi usiku huo huo. Na ukitetemeshwa unapogusa bomba la maji au bati la ukuta, umeme unavuja, na huenda waya wa ardhini umekatika au haukuwekwa kabisa.

Kazi hii si ya kijana anayejua kuunga waya. Nchini Uganda fundi wa umeme wa majumbani anatakiwa awe na kibali cha ERA, na mna haki ya kuomba kukiona. Apime waya kwanza. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita mraba 1.5 na soketi 2.5, majiko mengi yanataka njia yao wenyewe. Mdai pia ile swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu, kwani fyuzi haiwezi kazi hiyo.

Katibu wa tawi aandike kwa meneja idadi ya vyumba, ampea za fyuzi kuu, na tarehe zote umeme ulipokatika. Barua iwe na nakala mbili, na meneja atie sahihi ile inayobaki kwa katibu.