Kompyuta ya ofisi ikikufa, tuokoe kwanza disiki

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wa wachimbaji, leo tunaongea juu ya kitu kidogo chenye kubeba majina yetu.

Katika ofisi nyingi za vyama na koperative hapa Goma, kompyuta ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya. Ndani yake mna orodha: nani aliingia kazini mwaka gani, nani alilipa mchango, kilo ngapi zilipimwa, nani alifia shimoni na mjane wake ni nani. Wazee wa SOMINKI, kampuni iliyovunjwa mwaka 1997, walizunguka miaka mingi wakidai dekonti yao ya mwisho. Tangu hapo tunajua: mtu asiye na maandishi hana kesi.

Siku mashine inakataa kuwaka, watu wanasema mara moja: tununue ingine. Sawa, lakini mashine inaweza kufa na disiki yake ikabaki mzima. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: disiki hiyo iko na plagi gani?

Katika mashine za zamani, plagi ni hasa za aina mbili. Ya zamani ni IDE, wengine wanaiita PATA. Kamba yake ni pana na bapa kama mkanda, na disiki iko na pini 40 katika mistari miwili. Zile ndogo za laptop ziko na pini 44. Mwendo wake ulipanda mpaka mega 33 kwa sekunde, ukafika 66, 100, mwisho 133. Kuanzia 66 inataka kamba ya nyuzi 80. Ukiweka ile ya nyuzi 40, itatumika, lakini itashuka mpaka 33. Kamba moja inabeba disiki mbili, na kuna kidude kidogo nyuma ya disiki cha kuonyesha nani mkubwa na nani mdogo. Zote mbili zikijiita wakubwa, ni kama kapita wawili katika shimo moja: kazi haiendi.

Ya pili ni SATA, iliyoanza kuuzwa karibu mwaka 2003. Kamba yake ni nyembamba, pini 7, na plagi ya umeme iko na pini 15. Iko na vizazi vitatu: mega 150, 300 na 600 kwa sekunde. Vizazi hivi vinasikilizana, na mwendo unakuwa wa yule mdogo, sawa watu wawili wanaobeba mzigo mmoja. Lakini baadhi ya mashine za kizazi cha kwanza hazioni disiki za kizazi cha pili. Kwa sababu hiyo disiki zingine ziko na kidude cha kuzishusha mpaka 150.

IDE na SATA zenyewe haziingiliani hata kidogo. Usilazimishe, utavunja pini.

Muuzaji akikusifia 600, kumbuka: hiyo ni namba ya barabara. Barabara pana haiongezi mbio za chukudu. Disiki ya zamani yenye kuzunguka haijazi hata mega 150, basi usilipe feza nyingi juu ya 600. Disiki isiyozunguka, SSD, ndiyo inayokaribia mwendo huo.

Dawa ni adapta ya kupeleka disiki kwenye USB. Tafuta ile yenye plagi zote mbili, na yenye umeme wake, juu disiki kubwa za kompyuta ya meza zinataka volti 12 ambazo USB haitoi. Kwa USB 2 mtapata mega 30 hivi kwa sekunde: disiki ya giga 80 iliyojaa itachukua karibu dakika 45. Si mbio, lakini inatosha.

Tunaomba makomite yote yafuate mambo manne. Fundi asiweke Windows mpya juu ya disiki hiyo kabla ya kunakili. Disiki ikigonga ka-ka-ka, zimeni, msiijaribu tena na tena. Nakala ziwe mbili, na moja ikae mbali na ofisi: mji huu umeona lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Na mashine ikiuzwa, disiki itolewe kwanza, majina ya watu yasiende sokoni pamoja na vyuma.

Coltan tunayochimba Masisi inatoa tantali, na tantali inaingia katika vidude vidogo vya umeme vya mashine kama hizi. Jasho letu liko ndani yake mara mbili: katika madini, na katika orodha. Wiki hii, muulizeni mwandishi wa komite yenu: nakala ya pili iko wapi?