Kabla ya kupanda mlima, sharti tupange

Kwa miaka mingi nimesoma insha za wanafunzi kuhusu safari za milimani. Aghalabu insha hizo huanza jogoo akiwika, jua likichomoza na basi la shule likinguruma langoni. Katika aya ya pili wasafiri wamekwisha fika kileleni, wakiimba na kupiga picha. Sijawahi kusahihisha insha inayoanza wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mwalimu akiwa ameketi na kalamu na karatasi akihesabu lita za maji. Ninachelea kwamba pengo hilo halimo katika insha peke yake, bali limo katika safari zenyewe.

Katika somo la fonolojia huwaeleza wanafunzi wangu habari za jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu. “Kupanda” na “kupanga” ni jozi ya aina hiyo. Kwa masikio yaliyo mbali, maneno hayo ni kama mamoja. Mlimani, hata hivyo, anayelitenda la kwanza pasipo la pili huenda akayajutia.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kundi la wanafunzi hadi Mlima Longonot. Tulichelewa kuondoka Nairobi, tukaanza kupanda jua likiwa kali. Mwanafunzi mmoja, binti aliyelelewa Mombasa, alikuwa akisalia nyuma kila mara. Nilimtania kwamba watu wa pwani hawajui milima. Naye alitabasamu, akanyamaza, akaendelea kujikokota. Tulipokaribia ukingo wa kasoko aliketi ghafla, pumzi zikimtoka kwa mluzi. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki garini. Hakuwa ameniambia kwa kuwa sikuwa nimemwuliza, na mzaha wangu ulikuwa umemfunga kinywa. Kijana mmoja mwenye miguu myepesi aliteremka mbio kuifuata dawa ile. Mungu alitustahi, binti akapona. Lakini mimi ninayefundisha namna watu wanavyowasiliana hata kwa kunyamaza, sikuusikia ukimya wake.

Longonot ni mfano ufaao kwa shule zetu, kwa sababu si mlima wa kutisha wala si kilima cha kuchezea. Kilele chake kina urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na hakihitaji kamba wala vifaa vya wakwezi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni mwendo wa kilomita tatu hivi, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita saba na ushei. Ukijumlisha kwenda na kurudi, utakuwa umetembea zaidi ya kilomita 13. Aliye na afya njema huyamaliza hayo kwa saa tano au sita, vituo vya kupumzika vikiwemo.

Hata jina la mlima huo ni ilani. Limetokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, ambalo hufasiriwa kuwa mlima wa migongo mingi yenye miteremko mikali. Mgeni hudhani kwamba akishafika ukingoni kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Njia ya ukingoni hupanda na kushuka, na sehemu ya kuelekea kileleni ndiyo kali kuliko zote. Waliolipa jina hilo walikuwa wametuchorea ramani.

Basi mpango uanzie wapi? Uanze na majira. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huufanya udongo wa majivu ya volkano uteleze, na makorongo yaliyochimbwa na maji huwa mitego. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ni afadhali. Hata hivyo, kalenda pekee haitoshi. Sharti mwalimu asikilize utabiri wa hali ya hewa, na awe radhi kuiahirisha safari hata kama nauli imekwisha lipwa. Hatujasahau kwamba mnamo Aprili 2012 vijana waliokuwa katika ziara ya kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, mbuga iliyo jirani na Longonot, na baadhi yao wakafa. Mnamo Septemba 2019 maafa kama hayo yalitokea tena huko huko. Mvua inaweza kunyesha mbali nawe, kisha maji yake yakakufikia ulipo.

La pili ni saa. Kundi linalotoka Nairobi lafaa liondoke saa kumi na mbili asubuhi, ili lianze kupanda kabla ya saa tatu. Muhimu zaidi, mwalimu atangaze mbele ya wote saa ya kugeuka. Kwa mfano, aseme kwamba saa saba mchana ikipiga kabla ya kundi kufika kileleni, watu wote watarudi, bila mjadala. Uamuzi huo ufanywe chini, akili ikiwa imetulia, kwa maana kilele kikishaonekana kwa macho huwa kinavuta mno. Kwenda mbio siyo kufika, na kurudi siyo kushindwa.

La tatu ni mzigo. Njiani hakuna maji wala kivuli cha kutegemewa. Mleleshwa ni kichaka cha kupendeza lakini haumfuniki mtu. Kila mmoja na abebe lita mbili za maji au tatu, chakula chake, kofia, koti jepesi la mvua na viatu vyenye nyayo zinazoshika ardhi. Vumbi la Longonot halijali viatu vipya vya kuringia. Malipo ya kuingia katika mbuga, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hufanywa kwa eCitizen wala si kwa fedha taslimu, kwa hivyo yashughulikiwe mapema ili asubuhi isipotelee langoni. Na kwa kuwa nyati na twiga huishi katika mbuga hiyo, pasiwe na mwanafunzi wa kuiacha njia akatafute picha.

Lakini la nne ndilo linalonikereketa, nalo halinunuliwi dukani. Ni kuwajua watu unaowaongoza. Kila mwanafunzi na aulizwe faraghani, si mbele ya wenzake: Una maradhi gani? Dawa yako iko wapi? Kuna jambo gani unaloliogopa? Aliyezaliwa kando ya bahari huenda akatweta upesi kuliko aliyelelewa Nyahururu. Huo si uvivu. Mwalimu mmoja atangulie, mwingine afuate nyuma kabisa, na asiwepo wa kupitwa na huyo wa nyuma. Wahesabiwe langoni, ukingoni na kileleni. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Anayechoka akiwa ukingoni apumzike hapo pamoja na mwalimu, kisha washuke. Atakuwa amekwisha kuiona kasoko, na msitu uliostawi ndani yake, kwa macho yake mwenyewe.

Baadhi ya walimu wenzangu watauliza: kwa taabu zote hizi, si bora tubaki darasani? La hasha. Mwanafunzi aliyesimama kileleni pale, akaliona Ziwa Naivasha upande mmoja, na upande mwingine lile shimo lililoachwa na moto wa ardhini, hatalisahau somo la Bonde la Ufa. Nisingependa hofu iwanyime vijana wetu fursa hiyo. Ninachoomba ni kwamba mpango wenyewe uwe sehemu ya somo. Wanafunzi ndio wahesabu maji, wasome ramani, wapange saa na kubishana juu ya saa ya kugeuka. Hapo watakuwa wamefunzwa Hisabati, Jiografia na utu kabla basi halijawashwa.

Yule binti alihitimu, naye sasa ni mwalimu. Aliwahi kunieleza kwamba kabla ya kila safari ya shule huwaita wanafunzi wake mmoja mmoja, akawauliza maswali matatu. Sikuhitaji kumwuliza ni yapi. Siku nitakaposahihisha insha ya mlimani inayoanza kwa maswali hayo badala ya jogoo, nitajua kwamba tumeanza kupanda.