Jina la Nguo na Mke wa Kiongozi: Habari za Fathia Nkrumah

Katiba za jamhuri changa hueleza kwa urefu mamlaka ya Rais, lakini juu ya mkewe kwa kawaida hazisemi neno. Hata hivyo ni jambo linalojulikana kwamba mke wa kiongozi huwa na nguvu katika siasa. Nguvu hiyo yatoka wapi, na mwenyewe ni nani? Swali hili lafaa kuchunguzwa kwa mfano wa Ghana, kwa sababu huko sehemu ya jibu imehifadhiwa katika lugha, yaani katika jina la nguo.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi, 1957, ikawa jamhuri tarehe 1 Julai, 1960. Mwishoni mwa mwaka 1957 Kwame Nkrumah, wakati huo Waziri Mkuu, alimwoa Fathia Rizk, binti wa Kikopti kutoka Cairo. Bwana hakujua Kiarabu, na bibi alijua Kiingereza kidogo tu. Wanawake wengi wa chama, waliokitumikia tangu mwanzo, hawakufurahi kuona kiongozi wao ameoa mgeni. Lakini wenye kutazama siasa za bara zima waliona maana nyingine: kwamba Ghana na Misri ya Gamal Abdel Nasser zimekuwa wakwe, na kwamba Sahara si mpaka wa Afrika. Hivyo bibi huyu, ambaye hata lugha ya kuwahutubia watu alikuwa bado hana, akawa ishara ya siasa.

Ishara hiyo ilipata maneno katika nguo. Kente, nguo mashuhuri ya Waasante, haiandikwi maneno kama kanga ya pwani yetu. Lakini nakshi zake zina majina, na jina huweza kuwa methali au kumbukumbu ya jambo. Nakshi moja iliitwa kwa Kiakan “Fathia fata Nkrumah”, maana yake, Fathia amfaa Nkrumah. Msomaji asidanganywe na sauti: “fata” hii si “fuata” yetu, bali yakaribiana na “-faa” na “-stahili”. Basi jina hilo lilikuwa kibali. Mgeni amekubaliwa, na waliomkubali si Bunge, ni watu wenye kufuma, kuuza na kuvaa.

Nguvu ya namna hii yapasa kutofautishwa na mamlaka. Mwaka 1960 sheria maalum iliwaingiza wanawake 10 katika Bunge la Ghana. Hao walikuwa na viti na kura, wakaweza kuuliza na kupendekeza kwa majina yao wenyewe. Fathia hakuwa mmoja wao. Alichokuwa nacho ni maana aliyopewa na watu. Na mwenye kutoa aweza kutwaa.

Ikatwaliwa. Tarehe 24 Februari, 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, jeshi na polisi walimpindua. Fathia na watoto wake watatu walichukuliwa kwa ndege iliyopelekwa na Nasser, wakaenda Cairo. Mumewe akapokewa Guinea. Nakshi ile haikuachwa, bali ilipewa jina jipya, “Obaakofo mmu man”, yaani, mtu mmoja hatawali nchi. Sisi tungesema, kidole kimoja hakivunji chawa. Mfumo wa nyuzi ni ule ule, lakini maneno ya sifa yamegeuka kuwa maneno ya lawama. Tena shutuma ni ya mume peke yake. Mke hakushutumiwa kwa lolote, ila jina lake limeondoka pamoja na la mumewe.

Hapa pana funzo kwa wanaokusanya majina ya kanga. Haitoshi kuandika jina na tafsiri yake. Yafaa kuandika mwaka, na jina lililotangulia kama liko, kwani mara nyingine historia imo katika badiliko lenyewe.

Nkrumah alifariki mwaka 1972. Fathia alifariki mwaka 2007, akazikwa Accra karibu na mumewe. Mwaka uliofuata binti yao Samia alichaguliwa kuwa Mbunge wa Jomoro. Nguvu ya mama ilitokana na ndoa na jina la nguo. Ya binti, hata kama jina la baba lilimsaidia, ilithibitishwa kwa kura zilizohesabiwa.