Daktari wa Pua Kwenye Simu

Mwambie mgonjwa apulizie dawa puani mbele ya kamera ya simu, na mara nyingi daktari ataona kosa papo hapo. Chupa imeelekezwa katikati, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili. Ukuta huo hukauka, damu hutoka, na mgonjwa huiacha dawa akisema haimsaidii. Inatakiwa ainamishe kichwa kidogo, ashike chupa kwa mkono wa kulia anapopulizia tundu la kushoto, na ncha ielekee upande wa jicho na sikio la upande huohuo. Akivuta pumzi kwa nguvu mno, dawa huishia kooni. Kisha avumilie, kwa kuwa dawa za steroidi za puani huhitaji kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa.

Kwa somo la dakika chache kama hilo, mkazi wa Tuala hana haja ya kufunga safari hadi Nairobi. Tuala iko kati ya Ongata Rongai na Kitengela, na kiangazi vumbi halimwachi mtu mwenye pua nyepesi. Kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta humlia siku nzima, nauli na kibarua cha siku hiyo. Si ajabu wengi huishia kwenye duka la dawa kununua antibiotiki, ilhali mafua mengi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui.

Sainasi ni mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne. Uvimbe wake ukipita wiki 12 huhesabiwa kuwa sugu, na hapo maswali ndiyo yanayofungua njia. Pua imeziba upande mmoja au yote? Kamasi zinashuka kooni? Unasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa? Maswali haya yanajibika kwa simu bila shida.

Ila simu haioni ndani. Tochi yake huishia mlangoni mwa pua, na nyama za pua huota juu zaidi, mahali panapofikiwa na kamera nyembamba ya daktari. Ugonjwa sugu hauthibitishwi bila kamera hiyo au picha ya CT. Kwa hiyo naona mgonjwa mpya aende mwenyewe kwanza. Kusomewa picha, kukaguliwa anavyopuliza dawa na kuulizwa hali baada ya mwezi kunaweza kufanyika kwa video. Sheria inaruhusu: Sheria ya Afya ya 2017 ilitambua huduma za kielektroniki, na ya Afya ya Kidijitali ikafuata 2023.

Jicho likivimba, mtu akiona vitu viwili viwili, au kichwa kikiuma vikali na shingo kukakamaa, asisubiri miadi ya simu, akimbizwe hospitali. Pua inayoziba na kutoka damu upande mmoja tu ikaguliwe ana kwa ana mapema. Na mtoto anayetoka kamasi zenye uvundo tundu moja, huenda amejitia punje ya maharagwe au shanga: msiichokoe nyumbani.