Hadithi za Giza: Je, Binti Yako Azisome?

Mama mpendwa, je, umewahi kukuta kitabu cha hadithi chini ya mto wa binti yako, ukasoma kurasa mbili tatu, ukashtuka? Humo kuna baba mlevi anayepiga watu wa nyumba yake, au msichana anayetoa mimba, au kijana anayejiua. Pengine hukukuta hata kisa cha kueleweka, bali mambo ya ajabu kama ya ndotoni. Ukajiuliza: Kwa nini mtu aandike mambo haya? Na mwanangu anapata faida gani?

Swali hili lina uzito kwetu tunaoishi Lushoto na milima yote ya Usambara. Mabinti wengi wa huku hushuka mpaka Mombo wakapanda basi kwenda mbali na macho ya mama zao. Wengine huenda shule za bweni, wengine vyuoni, na wengine kufanya kazi za ndani Tanga na Dar es Salaam. Wawapo huko watakutana na mambo ambayo sisi nyumbani tunaona haya kuyataja.

Akina mama hawana jibu moja

Wapo wasemao kuwa vitabu vya namna hii vifichwe kabisa. Mtoto huiga anachokisoma, wanasema, na dunia ina huzuni ya kutosha bila kuongezewa nyingine. Wapo wasemao kuwa kama mwalimu amekitoa kitabu, basi mzazi asihangaike. Na wapo wachache waliokisoma wenyewe, wakalia, kisha wakasema, "Lakini mambo haya yapo."

Kila upande una sababu yake. Hata wakubwa wa nchi wamepata kuingilia kati. Mnamo Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili. Lakini marufuku hulinda mlango mmoja tu. Kwa hiyo na tukitazame kitabu kimoja ambacho kimebishaniwa kwa zaidi ya miaka 50, tuone kina nini.

Rosa na baba yake

Riwaya ya Rosa Mistika iliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ikatoka mwaka 1971. Mwandishi alipata kusoma seminari ya Kikatoliki, na jina la kitabu ni mojawapo ya majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwita Bikira Maria. Kwa muda kitabu hicho kilikatazwa mashuleni, na baadaye kikaruhusiwa.

Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi na mkali. Siku moja baba anakuta barua ambayo mvulana amemwandikia binti yake. Hamuulizi wala hamshauri. Anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na watu wanamsifu kwa tabia njema. Anapofika chuoni Morogoro, mbali na fimbo ya baba, hajui kujilinda. Anaanguka tena na tena, anatoa mimba, na mwisho anajiua.

Ni habari nzito. Mama akiisoma haraka ataona uasherati tu, akitupe kitabu. Lakini akitulia ataona kwamba swali kubwa la kitabu halimhusu Rosa peke yake. Linawahusu wazazi. Nani alimfundisha Rosa jinsi ya kumjibu mwanamume? Baba alifundisha kwa fimbo. Regina, mama yake, naye alikuwa akiishi kwa hofu ya mume huyo huyo. Nyumbani palikuwa na amri nyingi, na mazungumzo hayakuwapo.

Mama mwenzangu, hapo ndipo kitabu kinapotuuma. Wangapi kati yetu tumemwambia binti, "Jihadhari na wanaume," tukaishia hapo? Anayetoka nyumbani na onyo hilo tu hana tofauti kubwa na Rosa.

Bibi zetu walisimulia nini?

Wengine husema hadithi za kutisha zimeletwa na wasomi wa vyuo vikuu. Hebu tukumbuke hadithi kubwa kuliko zote za Usambaani, ile ya Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi pale Vuga.

Abdallah bin Hemedi aliiandika katika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho kilichapwa na misheni ya Waanglikana huko Magila, Muheza, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Kwa masimulizi hayo Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, akapaswa kuuawa. Wazazi wake walimficha akapona. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa kusema yeye ndiye aliyeua ukoo. Akawa mwindaji. Mtoto wa mtawala wa Kilindi aliyeandamana naye akauawa na nguruwe mwitu, na Mbegha akakimbia kwa hofu. Mwisho alifika milimani kwetu, akawagawia watu nyama, akaua simba usiku, nao wakamfanya mtawala wao.

Tazama yaliyomo: mtoto anayetakiwa kufa, ndugu wanaomkana, kifo cha kijana, damu na usiku. Hata hivyo wazee hawakuona kwamba itawaharibu watoto. Waliisimulia wakiwa pamoja. Mtoto aliyeogopa alimsogelea bibi, na aliyekuwa na swali aliuliza palepale.

Hofu ya Mbegha haijaisha. Katika Takadini, kitabu cha Ben J. Hanson ambacho wanafunzi wetu wa sekondari wamekisoma kwa miaka mingi, mama aitwaye Sekai anazaa mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja sana. Mila inataka mtoto afe. Sekai anamchukua na kukimbia. Nchi yetu ilipopatwa na aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, mwanafunzi aliyemsoma Sekai alikuwa amekwisha kujua upande wa kusimama.

Nasi tunaosoma Biblia hatuwezi kusema hatujui hadithi za giza. Imo habari ya binti wa Yeftha katika Waamuzi 11, na ya Tamari aliyedhulumiwa na ndugu yake katika 2 Samweli 13. Habari hizo hazikuwekwa ili tuzifurahie. Ziliwekwa ili uovu usifunikwe.

Na vile visivyoeleweka?

Kezilahabi huyo huyo aliandika Kichwamaji mwaka 1974, juu ya msomi Kazimoto ambaye maisha yanamshinda kuyaelewa hata anajiua. Baadaye aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo msomaji hajui kama yuko macho au ndotoni. Wapo waliovisifu sana, na wapo waliovifunga katikati.

Kwa maoni yangu, si dhambi kukifunga kitabu. Msomaji mzima anayependa mafumbo atavifurahia. Lakini Kichwamaji si kitabu cha kumpa kijana mwenye majonzi akakisome peke yake chumbani. Mwenye afya hupanda mpaka Magamba bila shida, ila mgonjwa hatumpandishi.

Mama afanye nini?

Kwanza, kisome wewe kabla ya kuhukumu. Usiogope. Ukishindwa kukimaliza, soma mwanzo na mwisho, kisha muulize mwalimu kwa nini wamekichagua.

Pili, tazama umri na hali ya mtoto. Kinachomfaa wa kidato cha tano hakimfai wa darasa la sita. Tena ndugu wawili wa nyumba moja hawafanani moyo.

Tatu, kilete kitabu jikoni. Jioni unapomenya viazi, mwambie akusomee kwa sauti. Hata mama asiyejua kusoma vizuri anaweza kufanya hivi, na pengine yeye ndiye atakayeuliza maswali mazuri kuliko wote. Mwulize: "Rosa angemwambia nani? Wewe ungemwambia nani?" Jibu lake litakuonyesha kama wewe umo katika orodha.

Nne, usimcheke wala usimkaripie akitaja jambo la aibu. Ukifanya hivyo mara moja, hatarudi tena kukuuliza.

Tano, ukiona mtoto amejitenga, halali, hali, au anasema hana haja ya kuishi, usikilaumu kitabu ukaishia hapo. Keti naye siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mganga wa zahanati au hospitali. Mwalimu na mchungaji wanaweza kusaidia pia.

Binti atakayeshuka Mombo mwakani atakutana na mtu mwenye maneno matamu na fedha mfukoni. Ni afadhali awe amekwisha kumwona katika kurasa za kitabu, na mama yake akiwa kando yake wakati huo.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Je, ni hadithi gani ya kutisha uliyosimuliwa na bibi yako, nayo ilikufundisha nini?
2. Katika nyumba ya Zakaria, Regina angeweza kufanya nini? Ni nani angemsaidia?
3. Je, tuwanyime watoto vitabu vyenye habari za ulevi, mimba na kujiua, au tuvisome nao? Toa sababu zako.
4. Binti yako akipatwa na jambo la aibu akiwa mbali, una uhakika gani kwamba atakuambia wewe kwanza?