Mbuzi wa bonanza achinjwe na nani?

ISAKA. KWENYE soka la mchangani Kanda ya Ziwa, zawadi inayojaza uwanja ni mbuzi. Mdhamini akiwa na ubavu, ng'ombe. Sasa bonanza likitaka kuwakutanisha Waislamu na Wakristo, mbuzi huyo ndiye mtihani wa kwanza, kabla hata ya kipyenga.

Wenyeji wanajua kwa nini. Februari 2013, pale Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja ulizaa vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana nyama imetoka bucha gani.

Isaka ni mji wa njia. Reli inapita, bandari kavu ipo, malori ya Rwanda na Burundi hayakatiki. Kazi ndiyo inayochanganya watu hapa, na timu za mtaani ziko hivyohivyo: beki Juma, golikipa Emmanuel, na wote wanalaumiwa sawa wakifungwa.

Msiba nao hauchagui. Jirani tu hapo Mwakata, Machi 2015, mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40. Agosti 2022, Mwakata hiyohiyo, ajali ya barabarani ikaondoka na watu wapatao 20.

Na msiba ukiwa mzito, nchi hii hukimbilia uwanja wa mpira. Mei 2017 wanafunzi wa Lucky Vincent waliagwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Novemba 2022 miili ya watu 19 waliokufa kwenye ajali ya ndege ya Precision Air iliagwa Kaitaba, Bukoba, na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo wakaiombea palepale, kwenye nyasi ambazo Kagera Sugar huchezea ligi. Uwanja unabeba watu wengi, halafu hauna dini. Hakuna anayejiona mgeni.

Wadau wa Isaka na Mwakata wanaweza kuutumia bila kusubiri majeneza. Bonanza la kumbukumbu halihitaji pesa nyingi, linahitaji akili ya ratiba. Ijumaa mchana ni swala. Jumamosi Wasabato wako kanisani, na huku si wachache. Jumapili asubuhi ni ibada. Inabaki Jumapili saa 10 jioni, na mwezi wa Ramadhani uachwe upite kwanza, maana kumkimbiza mtu aliyefunga kwenye jua la Shinyanga si urafiki.

Halafu tuachane na mechi ya masheikh dhidi ya wachungaji. Picha zinapendeza, kweli, lakini filimbi ya mwisho ikilia kuna dini imepigwa tatu bila, na kijiweni maneno hayaishi wiki nzima. Vikosi vichanganywe: sheikh awe winga, padri ampigie krosi, au kinyume chake kama padri ndiye mwenye mbio. Kabla ya mpira kuanza, dakika moja ya ukimya, na majina ya marehemu yasomwe kwa mfululizo mmoja bila mafungu ya dini, ndugu zao wakiridhia.

Mbuzi? Kamati ikae na viongozi wa pande zote wiki moja kabla, wakubaliane atachinjwa na nani, na litangazwe mapema kila mtu asikie. Wakishindwa kuelewana, waagize sato Mwanza. Sato hachinjwi.